Chainizi, Chumvi na Jongoo Bahari

Nyumba nyingi za Mtwara hula mboga yenye asili ya China kila wiki na hakuna anayeona ajabu. Chainizi haikosekani gengeni. Imepangwa mafungu pembeni ya mchicha na matembele, majani yake mapana yamenyunyiziwa maji yasinyauke kabla ya adhuhuri. Ni ndugu wa kabichi, na imeukubali udongo wetu wa kichanga mradi ipate maji na samadi. Mtoto anayekulia Mtwara leo anaijua kama anavyojua kisamvu. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama chakula cha Kichina kina faida au madhara mwilini, huanza na chainizi, kwa sababu ndiyo iliyomo vyunguni mwetu, na sehemu kubwa ya jibu imo humohumo.

Mkoa wetu si wa wafugaji, na maziwa si kitu cha kila siku kwa familia nyingi za pwani. Mama mjamzito na mtoto anayekua wanahitaji kalsiamu, nao lazima waipate mahali pengine. Mchicha na spinachi vinayo, lakini vina pia asidi ya oksaliki inayoikamata kalsiamu hiyo, na sehemu kubwa hupita tumboni bila kufyonzwa. Chainizi haina kizuizi hicho kwa wingi. Kalsiamu yake huingia mwilini kwa urahisi, nayo huambatana na vitamini C na foleti. Hizo ni faida za kweli kwa mboga inayopatikana kwa bei ya mtu wa kawaida.

Lakini faida hizo hufika mezani au hupotea kulingana na mpishi. Wengi wetu huikata chainizi nyembamba kama uzi, kisha huiosha baada ya kuikata, huifikicha kwa chumvi, huikamua yale maji ya kijani na kuyamwaga, halafu huichemsha mpaka inapoteza rangi. Vitamini C huyeyuka kwenye maji na huharibiwa na moto, hivyo imekwisha kwenda na maji kabla sahani haijafika mkekani. Mpishi wa Kichina huiosha ikiwa nzima. Huyatenganisha mashina na majani, hukata vipande vinavyotosha kuuma, na huliweka karai motoni mpaka lipate moto hasa. Mafuta kijiko kimoja, kitunguu saumu kilichopondwa, tangawizi, kisha mashina kwanza kwa sababu ni magumu. Yakianza kung'aa, majani hufuata, mkono unageuza bila kupumzika, na baada ya dakika mbili tatu karai limeshaepuliwa. Mafuta yale machache nayo yana kazi, kwa kuwa vitamini A ya mboga za majani haifyonzwi vizuri bila mafuta. Tui jepesi la nazi hufanya kazi hiyohiyo, na sioni sababu ya chainizi ya moto mfupi kukosa tui kwenye nyumba ya mtu wa Mikindani.

Hilo la moto mfupi ndilo ningependa tulichukue kutoka China kabla ya jambo lingine lolote. Ila lina mpaka wake, na mpaka huo unaonekana vizuri zaidi hapa Mtwara kuliko mahali pengi duniani.

Mpaka wenyewe ni muhogo. Jani la muhogo na mzizi wake vina kemikali zinazotoa sianidi, hasa katika muhogo mchungu, na zaidi mwaka wa ukame, mmea unapojikinga kwa kuongeza sumu. Kisamvu kinapotwangwa kinuni hadi kikawa rojo, kisha kikachemshwa muda mrefu chungu kikiwa wazi, sumu hiyo hutoka. Bibi zetu hawakuwa na maabara, lakini hawakutwanga kwa ajili ya ladha tu. Mtu atakayekitupa kisamvu kibichi kwenye karai la moto kwa dakika mbili, akidhani anafuata elimu ya kisasa ya kutunza vitamini, atakuwa amemlisha mwanawe sumu. Kila mmea unataka moto wake. Mchina anaijua mimea ya kwao na Mmakonde anaijua ya kwake.

Sisemi haya kwa nadharia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijiji kadhaa vya mkoa huu vilipata ugonjwa wa konzo, ambao hupoozesha miguu, hasa ya watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na mguu ukishapooza haurudi ulivyokuwa. Mambo mawili hukutana ili konzo itokee. La kwanza ni unga wa muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, na njaa ya ukame hufupisha siku za kuloweka na kuanika. La pili ni upungufu wa protini ya aina fulani. Mwili una uwezo wa kuigeuza sianidi kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, lakini kazi hiyo inahitaji salfa, na salfa hiyo hutokana na protini zenye methionini na sistini: samaki, mayai, nyama, mbegu. Anayekula ugali wa muhogo kwa mboga ya majani peke yake, siku baada ya siku, hana cha kujikingia.

Baadaye wataalamu wa lishe wa Tanzania, wakishirikiana na mwanasayansi Howard Bradbury wa Australia, waliwafundisha akina mama wa vijiji vilivyoathirika mkoani Mtwara njia ya kulowesha unga. Unamimina unga mkavu bakulini, unatia alama pale ulipofikia, unaongeza maji huku ukikoroga mpaka unga ushuke kisha upande tena hadi kwenye alama. Halafu unautandaza mwembamba juu ya mkeka, saa mbili juani au saa tano kivulini, na sianidi inatoka na hewa. Jioni unasonga ugali wako. Njia hiyo haihitaji mashine wala fedha, na kwa maoni yangu ingefaa kufundishwa katika kila shule ya msingi kusini mwa nchi hii, mvua ziwe nzuri au mbaya.

Nimekaa kwenye muhogo kwa makusudi, kwa sababu mazungumzo ya chakula cha afya yamejaa watu wanaotaka kuhamisha mapishi ya nchi moja kwenda nyingine kana kwamba ardhi, mimea na magonjwa havitofautiani.

Sasa, ukimwuliza kijana wa mjini chakula cha Kichina ni nini, hatataja chainizi. Atataja wali wa kukaanga, kuku aliyevikwa unga na kuzamishwa kwenye mafuta kisha kumiminiwa rojo la sukari na siki, tambi zinazong'aa kwa mafuta, na zile sambusa nyembamba za kabichi zilizoviringishwa. Hivyo ndivyo vyakula vya migahawani, Dar es Salaam na kwingineko. Kati ya 2013 na 2015 mkoa wetu uliwaona Wachina wengi. Bomba la gesi lilikuwa likijengwa kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam, na kampuni ya Sinoma ilikuwa ikijenga kiwanda cha saruji cha Dangote. Wakati huo wenyeji wengi walimwona Mchina akifanya kazi, lakini hawakupata nafasi ya kuona anachokula usiku akirudi kambini.

Chakula cha mgahawani ni chakula cha sherehe. Hakuna atakayepima afya ya watu wa Mtwara kwa biriani ya harusini, na haifai kupima mapishi ya China kwa kuku wa sukari na siki. Chakula cha kila siku cha familia ya kijijini nchini China, kwa muda mrefu, kilikuwa nafaka nyingi, mboga za majani za kila aina, maharage ya soya yaliyogeuzwa tofu, na nyama kidogo iliyokatwa nyembamba ili itie ladha kwenye mboga. Mafundi wa Kichina walioijenga TAZARA kati ya 1970 na 1975 walilima bustani za mboga kando ya kambi zao. Walikuja na mbegu, maana mlo bila mboga za majani kwao haukuwa mlo. Miongozo ya lishe ya serikali ya China inashauri mtu mzima ale gramu 300 hadi 500 za mboga kwa siku, na aina 12 tofauti za chakula ndani ya siku moja. Tuangalie sahani zetu za kila siku: kilima cha ugali au wali, kipande cha samaki, na mboga ya kijiko kimoja pembeni. Ukiugeuza uwiano huo tu, ukauacha ugali ule ule na samaki yule yule, umekwisha kula Kichina katika maana iliyo bora.

Tena China ni nchi pana, na hakuna karai moja linaloipikia yote. Sichuan wana pilipili na mafuta mengi. Kaskazini hula ngano zaidi kuliko wali. Upande wa magharibi, Xinjiang, Waislamu wa Uighuri huchoma mishkaki ya kondoo kwa binzari nyembamba, na mtu wa pwani akionja ataona amefika kwao. Waislamu wa kabila la Hui ndio wenye sifa ya supu ya tambi na nyama ya ng'ombe ya mji wa Lanzhou. Nalitaja hili kwa sababu wengi wetu pwani ni Waislamu, na swali la kwanza kuhusu mgahawa wa Kichina huwa ni nguruwe. Ni swali la haki. Mafuta ya nguruwe na mvinyo wa mchele hutumika katika mapishi mengi ya huko, na karai moja huweza kupika kila kitu. Muulize mpishi waziwazi, na kama jibu halieleweki, ondoka. Lakini asidhani mtu kwamba chakula cha Kichina na halali ni maadui. Wapo Waislamu nchini China waliopika kwa halali karne nyingi.

Kusini, Guangdong, watu wa pwani kama sisi, wana namna ya kupika samaki ambayo inastahili kuingia Mtwara bila pasipoti. Chukua changu aliyetoka soko la Feri asubuhi hiyohiyo, macho yake bado maangavu, matamvua mekundu. Mparue magamba, mtoe matumbo, mchanje mara mbili tatu kila ubavu. Mlaze kwenye sahani ya bati juu ya vipande vya tangawizi na majani ya kitunguu, weka sahani juu ya bakuli lililopinduliwa ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka, funika. Samaki wa ukubwa wa kiganja na vidole huiva kwa dakika nane hadi kumi, nyama ikiachana na mfupa kwa kuguswa tu. Mwishoni ndimu, pilipili, na mafuta ya moto kijiko kimoja juu yake. Mafuta mazuri ya samaki hubaki ndani ya samaki. Linganisha na samaki wa kukaangwa kwenye mafuta yaliyotumika tangu juzi, meusi, yanayotoa moshi kabla ya wakati. Mafuta yaliyochemshwa mara nyingi hivyo yameoza, na madhara yake kwa moyo hayachagui karai la Mchina wala la mama ntilie.

Hatari kubwa ya chakula cha Kichina, hata hivyo, haimo kwenye mafuta. Imo kwenye chumvi.

Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya kina zaidi ya gramu 2 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima. Vijiko viwili vya sosi, na siku imekaribia kwisha kabla hujahesabu mboga zilizotiwa chumvi, samaki wa chumvi na supu. Watu wazima wa China wamekuwa wakila wastani wa zaidi ya gramu 10 kwa siku kwa miongo mingi, mara mbili ya kinachoshauriwa, na kiharusi ni miongoni mwa magonjwa yanayoua zaidi nchini mwao. Samaki wa chumvi wa mtindo wa Guangdong amewekwa na wataalamu wa kimataifa wa saratani katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani ya sehemu ya nyuma ya pua. Hayo si maneno ya kumtisha mtu, ni sehemu ya habari ya mapishi haya, na anayeyasifia akaiacha hajasema kweli.

Na hapa sisi hatuna pa kuwanyooshea kidole. Ng'onda ni chakula chetu. Papa mkavu, aliyepasuliwa na kukolezwa chumvi ya mashamba yetu wenyewe ya pwani hii, ndiye anayesafiri kwenda bara na kuwalisha watu walio mbali na bahari, na nina heshima kubwa kwa kazi hiyo. Lakini huyo papa akitiwa chunguni bila kulowekwa, kisha mpishi akaongeza chumvi, na mezani kikombe cha chumvi kikapitishwa tena, tumewafikia Wachina au tumewapita. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana shinikizo la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Presha haina kelele. Mtu anavua, anapalilia korosho, anaswali msikitini, hadi siku mkono mmoja unapokataa kunyanyuka.

Tofauti na nchi za Ulaya, ambako chumvi nyingi hutoka viwandani ndani ya mkate na vyakula vya makopo, kwa Wachina na kwetu chumvi nyingi hutoka mkononi mwa mpishi. Kwa hiyo tiba nayo imo mkononi mwake. Wachina wenyewe wametuonyesha. Katika vijiji 600 vya nchi yao, watu 20,995 waliowahi kupata kiharusi, au wenye umri wa miaka 60 na zaidi wenye presha, walifuatiliwa kwa karibu miaka mitano. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ni potasiamu kloridi, vingine vikaendelea na chumvi ya kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2021: walioitumia chumvi ile mchanganyiko walipata kiharusi kwa asilimia 14 pungufu, na vifo vikapungua kwa asilimia 12. Hawakubadilishiwa mapishi wala chakula. Ilibadilika chumvi tu. (Wenye ugonjwa wa figo hawafai kuitumia bila ushauri wa daktari, kwa sababu potasiamu ikizidi huwadhuru.) Bila hata hiyo chumvi maalumu, ng'onda akilowekwa usiku kucha na maji yakabadilishwa mara moja, chumvi nyingi hutoka, na ndimu na pilipili hufidia ladha.

Watu huogopa zaidi ile chembechembe nyeupe ya kuongeza ladha, monosodiamu glutamati, ambayo wengi huijua kwa jina la Ajinomoto. Mjapani Kikunae Ikeda ndiye aliyeitambua mwaka 1908 alipochunguza supu ya mwani. Mwaka 1968 daktari mmoja nchini Marekani aliandika barua katika jarida la tiba akieleza ganzi na mapigo ya moyo aliyoyasikia baada ya kula kwenye migahawa ya Kichina, na tangu hapo lawama zikaenea duniani. Utafiti wa miaka iliyofuata haukuthibitisha madhara hayo kwa kiasi kinacholiwa kawaida. Glutamati yenyewe imo kwenye nyanya, kwenye dagaa, hata kwenye maziwa ya mama, na sodiamu yake ni theluthi tu ya ile ya chumvi. Inanihuzunisha kuona mtu anaikataa Ajinomoto kwa hofu, kisha anaimwaga chumvi kwa mkono wote bila wasiwasi. Hofu imekwenda mahali pasipo na hatari, na hatari imeachwa bila ulinzi.

Faida nyingine nitazipitia kwa haraka. Chai ya Kichina hunywewa bila sukari, na sisi tunaoweka vijiko vitatu kwenye kikombe tungeweza kujifunza kupunguza kijiko kimoja kila mwezi. Vyakula huwekwa katikati ya meza, kila mtu akichota kidogokidogo, na sisi wa sinia moja tunajua tayari kwamba anayekula na wenzake hula kwa adabu na kwa kiasi. Mafundisho ya dini yetu yanamtaka mtu asilijaze tumbo lote kwa chakula, aache nafasi ya maji na ya pumzi. Hayo hayana upya wowote, ila tunayasahau.

Wachina nao wanasahau. Kadiri miji yao ilivyotajirika, nyama na mafuta viliongezeka, baiskeli zikapisha magari, na hesabu ya mwaka 2021 iliweka watu wazima wenye kisukari nchini humo kuwa takriban milioni 140, wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Ni karai lilelile, na tangawizi ileile. Kilichobadilika ni kiasi, na mtu kuacha kutembea. Anayedhani mapishi fulani yana kinga ndani yake, kwamba ukiwa na kijiti cha kulia mkononi umeponyoka, atazame hapo.

Lipo jambo moja ambalo vitabu vya lishe huliacha, na mtu wa pwani hii hana haki ya kuliacha. Chakula huweza kumfaa anayekila na kuidhuru nchi kinakotoka.

Jongoo bahari huliwa China kwa heshima kubwa. Hukaushwa, hulowekwa siku kadhaa, hupikwa taratibu hadi akawa laini, na huwekwa mbele ya wageni kama ishara ya kuthaminiwa. Ana protini nyingi na mafuta machache, hilo ni kweli, na husifiwa kwa kuponya mambo mengi kuliko sayansi ilivyothibitisha. Sisi hatumli. Lakini tumemkusanya. Maji ya bamvua yalipokupwa, watu wa vijiji vya kusini waliingia kwenye nyasi za bahari na vikapu, wakamwokota, wakampasua, wakamchemsha, wakamwanika, na mnunuzi alikuwa tayari. Alionekana kuwa fedha iliyolala mchangani bila mwenyewe.

Kumbe alikuwa na kazi. Hula mchanga, hufyonza uozo uliomo, na kuurudisha ukiwa safi. Nyasi za bahari na matumbawe hunufaika na usafi huo, na samaki wadogo tunaokuja kuwavua wakikua hukulia humo. Tena huzaa kwa kumwaga mayai na mbegu majini, na wakibaki wachache walio mbalimbali, mayai hayakutani na mbegu, hivyo kuwaacha wachache si akiba. Aina iitwayo Holothuria scabra, inayotafutwa sana, iliwekwa kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini mwaka 2013. Tanzania Bara ilizuia uvunaji wake wa baharini katika miaka ya 2000, na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na kuzunguka vijiji kama Msimbati, Nalingu na Mkubiru, inalinda eneo la kilomita za mraba 650 lenye mikoko, nyasi na miamba.

Simlaumu mama wa kijijini aliyeokota jongoo ili mtoto apate daftari. Namtazama mlaji wa mbali, mwenye kula kwa kujionyesha, na mnunuzi wa kati aliyefaidi zaidi kuliko wote. Haifai pia kusema Wachina hawajali: mwaka 2013 serikali yao ilipiga marufuku mapezi ya papa kwenye karamu za kiserikali, na mila iliyodumu karne nyingi imerudi nyuma. Njia ya halali nayo ipo. Zanzibar sasa wanazalisha vifaranga vya jongoo na kuwafuga kwenye uzio ndani ya maji ya kina kifupi, na watu wa ghuba zetu wangefaa kwa kazi hiyo, mradi vifaranga vitoke kwenye kituo na si kwenye mchanga wa hifadhi.

Kitu kingine kinachotoka kwetu kwenda kwenye majiko ya China hakimdhuru mtu, ila tunakiachia chote. Ni ufuta. China ndiyo mnunuzi mkubwa wa ufuta duniani, na Tanzania ni mmoja wa wauzaji wake wakubwa. Lindi na Mtwara huvuna kati ya Mei na Julai, magunia yanakwenda maghalani kwa stakabadhi, mnada unafanyika, na meli inaondoka. Huko hukamuliwa mafuta yenye harufu ya kupendeza, husagwa ukawa uji, hunyunyizwa juu ya tambi. Na protini ya ufuta ina methionini kwa wingi, ile ile ambayo mwili wa mla muhogo unaihitaji ili kuishinda sianidi. Katika nyumba ambazo samaki hafiki kila siku, kama zile za juu ya uwanda wa Makonde, ufuta uliokaangwa kwenye kaango kavu, ukatwangwa na kutiwa kwenye kisamvu au chainizi kama tunavyotia karanga, ungekuwa sehemu ya kinga. Vijiko viwili kwa siku kwenye chungu cha familia ni gramu 20 hivi. Kilo nne zikiondolewa kabla gunia halijashonwa zinatosha kutoka mavuno ya Julai hadi Januari, miezi ileile ambayo mvua ikichelewa unga wa muhogo huwa mchungu zaidi.